Usalama wa silaha katika upigaji filamu

Usalama wa silaha katika upigaji filamu ni utaratibu wa kuwalinda waigizaji na mafundi pale bunduki inapotumika mbele ya kamera. Hatari kubwa ni kudhani kwamba risasi baridi haina madhara. Haina kichwa, lakini baruti yake hutoa moto na mgandamizo unaoweza kuua kwa karibu, kama ulivyomuua mwigizaji Jon-Erik Hexum mwaka 1984.

Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa akiigiza *The Crow*: kichwa cha risasi kilichokwama ndani ya mtutu kilisukumwa na risasi baridi. Tarehe 21 Oktoba 2021, risasi halisi ilimuua mpigapicha Halyna Hutchins kwenye filamu ya *Rust*, Marekani. Msimamizi wa silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Sheria nayo huhusika: nchini Malawi, kumiliki bunduki kunahitaji kibali cha serikali, na mtayarishaji filamu wa Lilongwe hasamehewi kwa kuwa ni maigizo tu.

Usalama unahusu watazamaji pia. Katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini humo, wilayani Dowa, yaliyofunguliwa mwaka 1994, wengi wamekimbia vita vya Kongo na Burundi. Tamasha la Tumaini, lililoanza hapo mwaka 2014, huleta muziki, ngoma na maigizo. Kwa watazamaji waliokimbia vita, mlio wa bunduki si burudani.

Kwa hiyo, katika filamu, bunduki ya mbao, na mlio ulioongezwa wakati wa kuhariri, hutosha. Mtayarishaji atangulize tangazo kwa majirani na polisi kabla ya kupiga picha.