Alama Mbili Zinazotenganisha Skripti Yako na Programu

Wasee, tuanze na *144#. Susu wa Mwingi ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaijua hiyo namba kwa kichwa. Anabonyeza, anaona salio, anaendelea na shughuli zake. Akitaka kumsambazia mjukuu kredo ya hamsini anaandika *140*50*, namba ya simu ya mjukuu, kisha #. Kwisha.

Huyo susu ametumia amri. Kuna jina la kazi (140), halafu vitu viwili ambavyo kazi inahitaji: pesa ngapi, na kwa nani. Hajui programu iliyo nyuma imeandikwa kwa lugha gani, hajui iko kwa mashine gani, hajui nani aliiandika. Na hana haja ya kujua. Aliyeiandika anaweza kuwa amelala, amehama au hata amefariki, na kredo bado itafika.

Sasa angalia skripti yako. Iko kwa folda ya Downloads, inaitwa hesabu_mpya_final2.py. Ili iende, lazima uandike python3 halafu njia ndefu ya folda, halafu ufungue faili ubadilishe namba kwa mstari wa kumi na saba kwa sababu bei ya ndengu imebadilika. Nani mwingine duniani anaweza kuiendesha? Ni wewe tu. Ukizima simu, kazi imezimika.

Hii shida si yako peke yako, na si ya leo. Watu waliotengeneza mifumo tunayotumia walipambana nayo miaka karibu ishirini.

Miaka ya sitini, pale MIT Marekani, Mfaransa anaitwa Louis Pouzin alichoka kuandika amri zilezile kila siku kwa mfumo wa CTSS. Akaandika programu akaiita RUNCOM. Kazi yake ilikuwa rahisi: unaweka amri zako kwa faili moja, RUNCOM inazisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Hizo ndizo nyanya za skripti zetu. Ukiona faili kama .bashrc kwa mashine yako, hizo herufi "rc" mwishoni zimetoka kwa RUNCOM. Pouzin ndiye pia aliyeleta neno "shell", gamba, yaani ile programu inayokaa kati yako na mashine na kusikiliza unachoandika.

Mwaka wa 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza Unix pale Bell Labs. Huko pia ungeweza kuandika skripti, lakini ili iende ulilazimika kuita gamba kwanza: sh, halafu jina la faili. Skripti ilikuwa kama mtoto mdogo, haiendi mahali bila kushikwa mkono.

Kufikia 1979, Unix toleo la saba lilikuwa na ujanja fulani. Ukiandika jina la skripti, kiini cha mfumo kinaikataa kwa sababu si programu ya mashine. Gamba linaona imekataliwa, linakisia, "hii lazima ni yangu," na kuisoma lenyewe. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa kukisia. Na programu nyingine, ambayo si gamba, ikitaka kuita skripti yako, ilikwama.

Januari 1980, Ritchie akatuma ujumbe kuwaeleza wenzake kwamba mfumo umebadilishwa. Kuanzia hapo, faili ikianza na alama mbili, # na !, kiini chenyewe kitasoma mstari huo wa kwanza na kujua ni nani anafaa kuisoma faili. Wenye kazi huziita shebangi. Alitaja faida kadhaa. Skripti sasa inafanana na programu kamili, kwa hivyo programu yoyote inaweza kuiita. Lugha zingine zinaingia bila shida. Lakini kuna moja naipenda kuliko zote: ukiorodhesha programu zinazoendelea kwa mashine, sasa utaona jina halisi la skripti yako. Kabla ya hapo orodha ilionyesha "sh" tu, hata kama ni wewe umekesha ukiandika kitu cha maana.

Manze, fikiria hilo. Kabla ya 1980, kazi ya skripti iliandikwa kwa jina la mwingine.

Huo mlango ukishafunguliwa, wengine waliingia. Perl ya Larry Wall ilitoka 1987, Python ya Guido van Rossum ikafuata 1991. Hizi lugha hazikuhitaji kuomba ruhusa kwa yeyote. Unaandika mstari mmoja juu ya faili na mfumo unakuheshimu kama programu nyingine yoyote.

Vitendo vyenyewe ni vichache. Mstari wa kwanza wa faili: #!/usr/bin/env python3. Hapo env inakutafutia Python popote ilipo, kwa sababu haikai mahali pamoja kwa kila mashine. Pili, chmod +x, yaani unaipa faili ruhusa ya kutekelezwa. Tatu, unaiweka kwa folda iliyo kwa PATH, orodha ya njia ambazo gamba hupita likitafuta amri. Nne, ondoa hiyo .py mwishoni. Anayetumia hahitaji kujua lugha, kama vile susu hajui lugha ya 140.

Wale mnatumia Termux kwa simu, sikieni hii: ruhusa ya kutekeleza haishiki kwa sdcard. Hamisha faili hadi kwa makao ya Termux yenyewe, halafu uiweke kwa $PREFIX/bin. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamekosea kuandika.

Halafu kuna adabu za amri. Vitu vinavyobadilika, kama bei na kilo, visikae ndani ya faili, mtumiaji avitaje akiita amri. Akiandika --help, aelezwe kwa lugha anayoelewa, hata Kikamba ukitaka. Kazi ikikamilika, rudisha 0. Ikikwama, rudisha namba nyingine na useme wazi tatizo ni nini. Ukifanya hivyo, amri yako inaweza kuunganishwa na za wengine, jambo ambalo Unix imefanya tangu 1973 ilipopata mabomba, wazo la Doug McIlroy: linalotoka kwa programu moja linaingia kwa nyingine.

Mtu ataniambia hizi ni hadithi za Wazungu wenye ndevu. Sawa, tuje hapa nyumbani. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwa blogu yake nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu inatokea wapi. David Kobia na wenzake wakaiunda kwa siku chache tu. Hiyo ilikuwa Ushahidi. Ingeweza kuishia hapo, kitu cha haraka cha wiki moja ambacho waliokiandika tu ndio wanajua kukiendesha. Lakini waliiandika upya iwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kuchukua na kuweka kwa mashine yake. Tetemeko lilipopiga Haiti Januari 2010, ilitumika huko. Mwaka huohuo wakatoa Crowdmap, ili hata asiyejua kuweka programu kwa seva aweze kupata ramani yake. Si amri ya gamba, lakini safari ni ileile: kutoka "naomba uniendeshee" hadi "endesha mwenyewe".

Sasa mbona hii inanihusu mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa?

Kwa sababu najua kikundi cha akina mama karibu na Wote, mwethya wa kawaida, wanaouza maembe pamoja. Kijana mmoja aliwaandikia skripti ya kugawa pesa: kila mtu ameleta kreti ngapi, anapata ngapi. Ilifanya kazi safi. Kisha kijana akapata kazi Nairobi, akaenda na kompyuta yake. Msimu uliofuata broka alikuja na kikokotoo chake, na hesabu ya broka ndiyo ilikubaliwa, kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kuipinga.

Akili ilikuwepo pale. Kilichokosekana ni kile kipande kidogo cha mwisho, amri yenye jina ambayo mweka hazina angeandika "gawa" na kupata jibu. Au kama kikundi kina kompyuta ya Windows, PyInstaller ingefunga skripti pamoja na Python yake kuwa .exe moja ya kubonyeza.

Watu wa Kitui na Makueni tunalijua hili kwa njia nyingine. Kiangazi, unaweza kuchimba mchanga wa mto kwa mikono kila asubuhi upate mtungi mmoja. Au mwethya unajenga bwawa la mchanga mara moja, na maji yanabaki hata waliobeba mawe wakishazeeka.

Konza iliwekewa jiwe la msingi Januari 2013, na sehemu kubwa yake iko Makueni. Mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu uliidhinishwa kwa shule zetu. Vizuri. Lakini mtoto akifundishwa kuandika skripti na asifundishwe kuiachilia isimame peke yake, tutazidi kuwa na vijana wajanja ambao ujanja wao unapanda matatu nao kwenda Nairobi.

Kwa hivyo tafuta ile hesabu_mpya_final2.py. Weka alama mbili juu. Ipe ruhusa, ipe jina fupi. Halafu mpe mtu mwingine aitumie, nawe ukae kando bila kugusa chochote.