Rafu za Denison Zilipojaa

Mwishoni mwa mwaka 1993, bodi ya Chuo Kikuu cha Denison, katika mji mdogo wa Granville jimboni Ohio, Marekani, ililetewa ombi la kawaida kabisa: maktaba imejaa, zinatakiwa fedha za kuipanua. Mjumbe mmoja alikuwa William Bowen, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Princeton na wakati huo akiongoza Wakfu wa Andrew W. Mellon. Badala ya kuuliza jengo jipya litagharimu kiasi gani, aliuliza ni nini hasa kilichozijaza rafu. Akakuta safu kwa safu za majarida ya kitaaluma, matoleo ya miaka na miaka, yamejalidiwa vizuri na hayaguswi ila kwa nadra. Na kila chuo nchini humo kilikuwa kikijenga kuta za kuyatunza majarida yaleyale.

Wazo la kwanza lilikuwa kuyaweka kwenye diski za CD na kuzisambaza. Ira Fuchs, aliyesimamia mambo ya kompyuta Princeton, ndiye aliyeshauri kwamba njia ni intaneti, ambayo siku hizo ilikuwa bado changa. Kazi ikaanzia Chuo Kikuu cha Michigan kwa majarida kumi ya historia na uchumi. Kila ukurasa ulipigwa picha kama ulivyo, pamoja na michoro na majedwali yake, na nyuma ya picha yakawekwa maandishi yasiyoonekana, ili msomaji akitafuta neno, kompyuta ilione. Kazi hiyo ya mikono mingi, ya kufungua majarida makuukuu ukurasa baada ya ukurasa, sehemu yake ilifanyiwa kisiwani Barbados.

Mwaka 1995 mradi ukawa taasisi isiyo ya faida iitwayo JSTOR, na mwaka 1997 maktaba zikaanza kujiunga. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya ghala la majarida, na ghala ndilo hasa lililokusudiwa. Wachapishaji walihofia kupoteza wateja, kwa hiyo kukawekwa kile walichokiita ukuta unaosogea: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni yalibaki mikononi mwa mchapishaji, na kila mwaka ukuta ulisogea mbele hatua moja.

Mwanafunzi wa sekondari hakutajwa popote katika hesabu hizo. Simlaumu Bowen, tatizo lililoletwa mezani kwake lilikuwa la rafu, naye akalitatua. Lakini mlango wa ghala ulijengwa kwa namna ambayo haikumjua mtu, ilijua taasisi tu. Chuo kililipa ada kulingana na ukubwa wake, na kompyuta zake zikatambuliwa kwa anwani zake za mtandao. Aliyekaa kwenye kiti cha maktaba alisoma makala yote. Aliyekaa nyumbani bila chuo nyuma yake aliona ukurasa wa kwanza, labda na bei kwa dola.

Shule za sekondari ziliingia baadaye, nazo kwa ada. Mahitaji yalikuwepo: mtaala wa International Baccalaureate, kwa mfano, humtaka mwanafunzi wa miaka ya mwisho aandike insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, na kitabu cha kiada hakimfikishi huko. Mwaka 2006 ada ikafutwa kwa taasisi za elimu na nyingine zisizo za faida barani Afrika. Bado ilikuwa taasisi, si mtu.

Kilichofuata kilikuwa kizito. Mwanzoni mwa Januari 2011 kijana Aaron Swartz alikamatwa baada ya kupakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. JSTOR ilimalizana naye. Waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani hawakumwachia. Septemba mwaka huohuo JSTOR ikafungua bure kwa kila mtu makala kama 500,000 za zamani, ikisema mpango ulikuwepo kabla ya kesi. Tarehe 9 Januari 2013 ikatangaza kwamba yeyote atakayejiandikisha kwa jina lake angeweza kusoma makala tatu kila wiki mbili, bila malipo, kutoka majarida yapatayo 1,200. Siku mbili baadaye Swartz, mwenye miaka 26, alijitoa uhai.

Makala tatu kwa wiki mbili ni kidogo. Lakini hapo ghala lilimtambua msomaji kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2020, maktaba zilipofungwa kwa sababu ya korona, idadi ikapandishwa hadi makala 100 kwa mwezi.

Makala zile 500,000 za bure nazo zilikuwa na mpaka: zilizochapishwa Marekani kabla ya 1923, na kwingineko kabla ya 1870. Kwa mwanafunzi wa Songea anayesoma Vita vya Maji Maji, 1870 ni miaka 35 kabla risasi ya kwanza haijalia. Makala ambayo ingemfaa ni ya John Iliffe, kuhusu jinsi vita hivyo vilivyopangwa, iliyotoka katika Journal of African History mwaka 1967, mwandishi akifundisha Dar es Salaam. Hiyo imo ghalani, lakini haimo kati ya zile za bure. Kwa mpango ule wa Afrika, shule yake inaweza kuomba kuingia bila ada. Inatakiwa mtu wa kuandika ombi hilo, na kompyuta yenye anwani ambayo mlango utaitambua. Simu ya mwalimu yenye bando la siku haina anwani ya shule; kwake imebaki njia ya kujiandikisha kwa jina.