Ndege ikikosa mafuta: Haki za abiria wa Kisumu kuhusu nauli, fidia na bima

ABIRIA ambaye safari yake ya ndege imefutwa kwa sababu ya uhaba wa mafuta huwa na maswali matatu: nani atamrudishia nauli, nani atamlipa hasara iliyomfika, na bima aliyonunua itamfaa nini. Wengi huyachanganya maswali hayo, wakadai kila kitu kwa mtu mmoja, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kila swali lina jibu lake na mlipaji wake.

Wakazi wa Kisumu na kaunti jirani za Siaya, Homa Bay na Vihiga wana sababu ya kulizingatia jambo hili. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kisimamishe kazi mwaka 2013, Kenya huagiza mafuta yakiwa yamekwisha kusafishwa. Hupakuliwa katika bandari ya Mombasa, yakasukumwa kwa bomba la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta nchini (KPC) kiasi cha kilomita 450 hadi Nairobi, kisha magharibi hadi Eldoret na Kisumu. Mji huo wa ziwani, basi, uko mwishoni mwa bomba.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli, mafuta yaliadimika magharibi mwa Kenya na nchini Uganda. Aprili 2022, foleni ndefu zilionekana katika vituo vya mafuta nchini baada ya kampuni za mafuta kucheleweshewa malipo ya ruzuku na serikali. Mwezi huo huo, mafuriko ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, yaliharibu reli iliyopeleka mafuta ya ndege katika uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg, hata kampuni za ndege zikagawiwa mafuta kwa kipimo.

Aidha, kwa kuwa ndege nyingi za Kisumu huenda Nairobi au hutoka huko, uhaba katika uwanja wa Jomo Kenyatta humfikia abiria wa Kisumu mara moja.

Nauli si fidia

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kurudishiwa nauli si fidia. Aliyelipia huduma, asiipate kabisa, ana msingi wa kudai fedha zake hata kama hakuna aliyekosea. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kupewa habari anazohitaji na kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Bunge lilipitisha pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa mwaka 2012.

Hata hivyo, kampuni nyingi hutanguliza tarehe nyingine au vocha badala ya fedha. Abiria asiharakishe kukubali, kwani kuipokea vocha kwaweza kuchukuliwa kuwa mapatano mapya. Safari za ndani ya nchi ziliposimamishwa kwa sababu ya Covid-19 mwaka 2020, suala la vocha au fedha taslimu liliwakabili wasafiri wengi duniani.

Vocha ina thamani maadamu kampuni iliyoitoa ingali hai. Novemba 2012, kampuni ya Jetlink, iliyokuwa ikihudumia Kisumu, ilisimamisha safari zake ikisema zaidi ya Dola milioni 2 za Marekani zilikuwa zimekwama Sudan Kusini. Kampuni ikifunga milango, mwenye vocha hujiunga na safu ya wadai wengine.

Tiketi moja au mbili

Hatari kubwa humkabili anayeunganisha safari ya Kisumu na ya ng'ambo. Mathalan, abiria anayekwenda Dubai akinunua tiketi ya Kisumu hadi Nairobi kwa kampuni moja, na ya Nairobi hadi Dubai kwa nyingine, kwa kawaida huwa na mikataba miwili. Ndege ya Kisumu ikifutwa, kampuni ya kwanza huhesabu kuwa inadaiwa nauli ya Kisumu tu, nayo ya pili humwandika kuwa hakufika.

Akinunua tiketi moja ya Kisumu hadi Dubai, safari yote huhesabiwa kuwa ya kimataifa, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, humlinda tangu Kisumu. Kwa mujibu wa mkataba huo, kampuni hulipa hasara iliyotokana na kucheleweshwa kwa abiria, isipokuwa ikithibitisha kwamba ilichukua kila hatua ya busara kuizuia au kwamba hapakuwa na njia ya kufanya hivyo. Kikomo cha malipo hayo kilipandishwa Desemba 2024 hadi vipimo 6,303 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yaani zaidi ya Dola 8,000. Kesi hufunguliwa kabla ya miaka 2 kupita.

Anayerejea Kisumu kutoka Ulaya, kwa mfano kutoka Amsterdam, hulindwa pia na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, hata akisafiri kwa ndege ya Kenya. Kanuni hiyo, iliyoanza kutumika Februari 2005, iliweka fidia ya hadi Euro 600, lakini ikaisamehe kampuni iliyofikwa na jambo lisilo la kawaida.

Mahakama ya Ulaya iliamua Julai 2022, katika kesi iliyotokana na hitilafu ya mafuta katika uwanja wa Lisbon mnamo Mei 2017, kwamba kuharibika kwa mfumo wa mafuta unaosimamiwa na uwanja ni jambo la aina hiyo. Fidia ikaondoka, lakini haki ya nauli au safari mbadala, pamoja na chakula na malazi, haiondoki. Kampuni iliyonyimwa mafuta kwa kutolipa deni lake itapata shida kujitetea kwa hoja hiyo.

Bima hulipa kilichoandikwa

Bima ya usafiri hulipa mambo yaliyotajwa katika mkataba. Mikataba mingi hutaja ugonjwa, hali mbaya ya hewa, mgomo au kuharibika kwa ndege, isitaje uhaba wa mafuta. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa, naye ajibiwe kwa maandishi. Aidha, aliyenunua bima baada ya uhaba kutangazwa huenda akakataliwa kwa sababu hatari ilikuwa tayari inajulikana.

Wasafiri wa Ulaya nao wasidanganyike na bima ya viza ya Schengen. Sharti lake ni matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, kwa kiwango kisichopungua Euro 30,000. Safari iliyofutwa si sehemu ya sharti hilo.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kuondoka uwanjani, abiria aombe barua au ujumbe wa kampuni unaotaja safari iliyofutwa na sababu yake. Ahifadhi tiketi na risiti za hoteli, chakula na basi. Adai nauli kwa kampuni kwanza, kisha apeleke kwa bima hasara iliyosalia, kwa kuwa bima hailipi kilichokwisha kulipwa.

Akipuuzwa na kampuni ya ndege, aandikie Halmashauri ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA). Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima hupelekwa kwa Halmashauri ya Kudhibiti Bima (IRA). Dai lisilozidi Sh1 milioni laweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi ikamilishwe kwa siku 60 na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili.