Mgeni wa Mwaka Mzima

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, mgeni wa miezi kumi? Swali hilo lilinikabili mwaka 1996, shirika moja la kubadilishana wanafunzi lilipotuletea hapa Nairobi msichana wa miaka 17 kutoka Ujerumani. Angesoma sekondari pamoja na binti yetu, alale chumbani mwake, ale tulacho. Malipo hayakuwapo, wala hatukuyadai.

Desturi hii ya kulea mtoto wa watu kwa mwaka mmoja ilizaliwa na vita. Mwaka 1915, huko Ufaransa, Wamarekani waliojitolea walianza kuendesha magari ya wagonjwa, wakiwaokota majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kundi lao liliitwa American Field Service. Vita vya pili vilipozuka, walirudi kazini. Vilipokwisha, kiongozi wao Stephen Galatti na wenzake waliona heri kuwakutanisha vijana mapema, kabla hawajakutana vitani. Mwaka 1947 wanafunzi 52 waliwasili Marekani kusoma na kuishi katika nyumba za watu. Mwaka 1951, katika jimbo la Michigan, Rachel Andresen akaanza kuwatafutia vijana wa Kijerumani wazazi wa mwaka mmoja, miongoni mwa watu waliokuwa maadui wa nchi yao miaka sita tu kabla ya hapo.

Historia hiyo niliisifu sana, mpaka ilipobisha hodi mlangoni kwangu.

Miaka ile ile magari yalipokuwa yakibeba majeruhi Ufaransa, Waingereza na Wajerumani walipigana huku kwetu pia. Huku mizigo yao ilibebwa na Waafrika, vichwani na mabegani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu waliangamia, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwaka 1917 walimchukua babu yangu. Hakurudi. Baba yangu alikuwa na miaka mitatu.

Mzee huyo, sasa mwenye miaka 82, ndiye tuliyekuwa tukiishi naye. Mgeni alipofika, aliomba chakula chake kipelekwe chumbani.

"Sina ugomvi na mtoto," aliniambia. "Lakini vita vilikuwa vyao, mzigo ukawa wetu."

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni jembe la siku ya tatu. Nilimpa msichana kazi ya kumpelekea Babu uji kila asubuhi. Majuma mawili alipokea bakuli kimya. Siku moja akamwuliza, "Wazee wenu walipigana wapi?" Msichana akasema hajui, ila ataandika barua nyumbani aulize. Naona kile "sijui" ndicho kilichomlainisha mzee, maana hata yeye hakujua baba yake alizikwa wapi.

Jumamosi moja alitaka tumpeleke mjini, kwenye sanamu zilizosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Akamwonyesha msichana sanamu ya mpagazi. "Huyu ndiye baba yangu," akasema. Msichana alitafuta jina, hakuliona. Akatoa daftari, akamwomba Babu amtajie herufi moja moja.

Jioni ile mzee alikula mezani nasi.

Alifariki mwaka 1999. Msichana hakumwomba radhi kamwe, wala sidhani deni lilikuwa lake. Aliuliza jina, akaliandika, akaenda nalo kwao.

Nawe msomaji, ukiletewa mtoto wa mbali, usimfanye mgeni mwaka mzima. Mpe jembe mapema, na umpe kazi ya kumhudumia yule asiyemtaka nyumbani.