Joel Bendera: Kutoka Benchi la Ufundi hadi Utumishi wa Umma

Tanzania inapojiandaa kuwa mwenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) mwaka 2027 kwa pamoja na Kenya na Uganda, jina la hayati Joel Nkaya Bendera linastahili kukumbukwa na kizazi ambacho hakikuwahi kumwona akisimama kando ya uwanja. Ndiye mwalimu mzalendo aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu fainali hizo kwa mara ya kwanza. Baadaye alikuwa Mbunge, Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo na Mkuu wa Mkoa. Makala haya yanaeleza safari hiyo na mafunzo yake kwa wananchi wa maeneo kama Kata ya Nyarugusu mkoani Geita, ambako vijana wengi wa machimbo ya dhahabu wanacheza mpira bila viongozi waliosomea kazi hiyo.

Kufuzu mwaka 1979

Mwezi Agosti 1979 Taifa Stars ilikutana na Zambia katika hatua ya mwisho ya kuwania nafasi ya kwenda Nigeria. Katika mchezo wa Dar es Salaam, Tanzania ilishinda bao 1-0. Mchezo wa marudiano ulifanyika Ndola, na wenyeji walitangulia kufunga. Peter Tino alisawazisha zikiwa zimesalia dakika chache, matokeo yakawa sare ya 1-1 na Tanzania ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 2-1.

Fainali za mwaka 1980 zilishirikisha timu nane tu, hivyo kufuzu peke yake kulikuwa heshima kubwa. Mjini Lagos kikosi kilikuwa chini ya Slawomir Wolk kutoka Poland, na nahodha alikuwa Leodegar Tenga. Tanzania ilifungwa 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Nigeria ndiyo iliyotwaa ubingwa wa mashindano hayo.

Kuingia katika uongozi

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2005, Bendera alichaguliwa kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini mkoani Tanga kwa tiketi ya Chama Cha Mapinduzi. Katika kipindi hicho cha Bunge, kilichomalizika mwaka 2010, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo katika Serikali ya Awamu ya Nne.

Wakati huohuo Tenga, aliyekuwa nahodha wa kikosi cha mwaka 1980, alikuwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), wadhifa alioushika kuanzia Desemba 2004 hadi Oktoba 2013. Hivyo mwalimu wa kikosi kilichofuzu alikuwa wizarani, na nahodha wake alikuwa kwenye shirikisho. Ndiyo miaka ambayo Uwanja wa Taifa wa kisasa, unaochukua watazamaji 60,000 na ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulianza kutumika. Serikali ilibeba gharama za kocha wa Taifa Stars, Marcio Maximo wa Brazil, na mwaka 2009 Tanzania ikashiriki fainali za kwanza za CHAN nchini Ivory Coast. Mafanikio hayo yalikuwa ya taasisi nyingi na hayawezi kuhesabiwa kuwa ya mtu mmoja. Hata hivyo, yanaonesha tofauti inayopatikana pale ambapo wanaokaa katika vikao vya maamuzi wanaujua mchezo kwa ndani.

Baada ya ubunge, Bendera aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na baadaye Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Hapo kazi ilikuwa pana kuliko michezo. Mkuu wa Mkoa ni mwakilishi wa Serikali katika mkoa na Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Katika mikoa kama Morogoro, migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji inahitaji kiongozi mwenye subira na mwenye kusikiliza pande zote. Bendera alimaliza utumishi wake mkoani Manyara mwaka 2017, na alifariki dunia Desemba mwaka huohuo.

Miaka 39 ya kusubiri

Baada ya Lagos, Tanzania ilisubiri miaka 39. Ni tarehe 24 Machi 2019 tu ndipo Taifa Stars, ikiwa chini ya Emmanuel Amuneke, ilipoifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali zilizofanyika Misri. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 alifikisha umri wa kuwa mzazi kabla ya kuiona timu ya taifa ikirejea huko.

Pengo hilo halitokani na uhaba wa vipaji. Kikosi kizuri huzeeka kwa pamoja. Kisipoacha nyuma yake ligi za vijana, waamuzi, walimu na viongozi wenye ujuzi, kizazi kinachofuata huanza upya. Bendera mwenyewe alivuka kutoka uwanjani hadi ofisini. Swali linalobaki ni wangapi katika kila wilaya wameandaliwa kuvuka kama yeye.

Njia iliyopo kwa walimu wa leo

Msingi wa kisheria upo. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lilianzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1971, ili kuendeleza na kusimamia michezo kwa kushirikiana na vyama vya kitaifa. Sera ya Maendeleo ya Michezo ya mwaka 1995 iliweka mwelekeo wa mafunzo, viwanja na ushiriki wa wananchi.

Kwa Kanda ya Ziwa, mafunzo hayako mbali. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, na kinafundisha ualimu wa michezo pamoja na uongozi na utawala wa michezo. Anayefundisha timu ya mtaa anaweza kupata huko elimu ya kupanga bajeti, kuendesha mashindano na kusimamia klabu, mambo ambayo hayajifunzwi kwa kupuliza filimbi peke yake.

Geita nayo ina mfano wake wa karibu. Klabu ya Geita Gold, iliyolelewa na Halmashauri ya Mji wa Geita, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne. Mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na klabu ikaiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ilishuka daraja. Kupanda na kushuka huko ndani ya misimu mitatu kunathibitisha kwamba kuijenga timu ni kazi moja, na kuitunza ni kazi nyingine inayohitaji utawala imara.

Wito kwa wananchi

Vikundi na timu za mpira katika Nyarugusu na kata nyingine vinashauriwa kuanza na hatua za msingi: kuwa na katiba, kuchagua viongozi, kutunza kumbukumbu za fedha na kufuata taratibu za usajili kupitia Afisa Michezo wa halmashauri husika. Walimu wa timu wenye sifa wanahimizwa kuomba mafunzo katika vyuo vinavyotambuliwa, na wazazi wanaombwa kuwaruhusu watoto kushiriki UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, mashindano ambayo ndiyo kitalu cha vipaji nchini.

Joel Bendera alionesha kwamba mwalimu wa mpira anaweza kulitumikia Taifa uwanjani, bungeni, wizarani na mkoani. Njia aliyopita haikufungwa baada yake.