Mongomi wa Kolo si Pori la Akiba

Msafiri anayetoka Tarangire kuelekea Dodoma anaweza kuipita Kolo bila kujua. Tangu barabara ya lami ya Babati–Dodoma izinduliwe mwaka 2018, kijiji hiki cha wilaya ya Kondoa hupitwa kwa dakika chache tu. Kumbe juu ya vilima vya Irangi ndiko iliko michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336.

Dawa inayopendekezwa na wengi ni kuiuza Kolo pamoja na wanyama: mgeni aone tembo Tarangire, apitie michoro, kisha amalizie katika mapori ya akiba ya Swagaswaga au Mkungunero. Sera nayo imeelekea huko. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamewekwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na Kimondo cha Mbozi chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Taasisi hizo zina magari, askari na uzoefu wa kukusanya viingilio. Lakini kwa kiasi kikubwa zimelelewa katika imani moja, kwamba hifadhi hustawi watu wanapopungua. Makala haya yanadai kwamba kwa Kolo imani hiyo ni kinyume cha ukweli.

Kuhusu wachoraji hakuna ugomvi mkubwa. Michoro myekundu huhusishwa na wawindaji na wakusanya matunda, na ile myeupe iliyofuata huhusishwa na wakulima. Ubishi unaanza kwenye maana. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili michoro hiyo mwaka 1951, aliona katika mwamba mmoja wa Kolo tukio la utekaji: watu wembamba wenye vichwa vya ajabu wakimgombea mtu wa katikati. Miaka ya 1980, mtafiti David Lewis-Williams aliona katika mchoro uleule ngoma ya waganga waliopandisha pepo, akiegemea mila za Wasan wa kusini mwa Afrika. Wawili hao wanatofautiana kwa tafsiri tu. Wote wanausoma mwamba kama ukurasa wa kitabu, na msomaji ni mgeni. Eric Ten Raa, aliyeandika mwaka 1971 kuhusu jamii ya jirani ya Wasandawe, na Imogene Lim, aliyewafuata miongo miwili baadaye, walikaribia jambo lenyewe zaidi: mahali huja kwanza, picha hufuata.

Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo ya michoro hiyo, ndio ushahidi wake. Kilima kinapandwa kwa miguu hadi kwenye vivuli vya mwamba, na ukutani wanasimama watu wekundu, warefu, wembamba kama fito. Chini ya haohao waganga na wenyeji huja kutambika, kuomba mvua na kutafuta tiba. Pombe humwagwa, na nyingine hurushwa mwambani. UNESCO yenyewe iliyatambua matambiko haya hai ilipoikubali Kondoa: michoro ilihesabiwa kwa kigezo cha tatu, na imani za wenyeji kwa kigezo cha sita.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haioni hivyo. Kwayo, mchoro wa mwambani ni kumbukumbu ya kale ikiwa ulifanywa kabla ya mwaka 1863. Mzee anayepanda Mongomi leo na kibuyu chake hana nafasi humo, labda kama mharibifu.

Wahifadhi watajibu kwamba pombe inaharibu rangi. Ni kweli, na hakuna sababu ya kulificha. Ila mashimo yaliyochimbwa Mongomi ni kazi ya watu wanaosaka hazina wanayoamini Wajerumani waliizika wakati wa Vita vya Kwanza, vita vilivyofika Kondoa mwaka 1916. Mwenye mzimu hachimbui mzimu wake. Anayechimba ni yule ambaye pale pamekuwa mali isiyo na mwenyewe. Tambiko linaweza kujadiliwa na kuwekewa mahali pake, pombe ikamwagwa chini badala ya ukutani. Na mwenye tambiko ndiye mlinzi asiyelipwa mshahara.

Kondoa pia ina kumbukumbu ya amri za kuhama. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Miti ilirudi, na wataalamu wakasifu. Lakini waliobeba gharama walikuwa wafugaji, na haielekei watapokea kwa furaha lango jingine juu ya vilima vyao.

Huenda hoja hii haifai kwa kila mwamba, kwani michoro mingi ya Kondoa haina tambiko linalojulikana. Kwa Mongomi inafaa. Sheria ya mwaka 1964 irekebishwe ili itambue matumizi ya mahali sambamba na umri wa mchoro, na kamati ya wazee wa Kolo ipewe sauti katika ratiba, kiingilio na mgawo wake, kabla ya lango kujengwa.