Simu Iliyoishia Ufukweni

Neno simu, kabla ya kuwa jina la chombo cha mfukoni, lilikuwa jina la waya, nasi tulilipokea kutoka kwa Waajemi; na waya wa kwanza wa namna hiyo kutufikia ulipita chini ya bahari mwaka 1879, katika enzi ya Seyyid Barghash, ukaiunganisha Unguja na Aden kwa upande mmoja, na Msumbiji na Durban kwa upande wa pili. Wala haukuletwa kwa ajili yetu: Januari ya mwaka huo Wazulu waliwashinda Waingereza kule Isandlwana, kusini mwa Afrika, na habari za msiba ule zikachukua siku ishirini kufika London, jambo ambalo dola kubwa haikuweza kulistahimili.

Hapo ndipo ilipoanza desturi ya habari kuvuka bahari kwa dakika chache, kisha, zikishafika ufukweni, kwenda shamba kwa miguu.

Intaneti nayo ilifuata desturi hiyo, ingawa kwanza ilizunguka mbinguni. Hadi mwaka 2009 mawasiliano yetu na dunia yalitegemea zaidi setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000, na maadamu swali hupanda na kushuka, na jibu kadhalika, takriban nusu sekunde ilipotea kila mara, hata mitambo ingekuwa bora namna gani. Mwaka huo mkongo wa chini ya bahari uitwao TEAMS uliwasili Mombasa kutoka Fujairah, na mnamo Julai mkongo mwingine, SEACOM, ukaanza kazi. Mijini watu walifurahi, na kwa haki. Walakini kuchimba mtaro wa mkongo wa kilomita nyingi kwa ajili ya nyumba tano zilizotawanyika baina ya minazi ni hesabu ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeipenda, na wakazi wa shamba wakabaki na mnara wa mbali, bando linaloisha kabla ya Isha, na simu iliyowekwa dirishani ili ipate mtandao.

Julai 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipoanza kuhudumu Kenya, setilaiti zake zikiwa juu kilomita 550 tu, aliyemudu bei ya kifaa (nao si wengi) aliweza kuliacha bando bila kuungoja mtaro. Katika nyumba kama hiyo, simu kwa maana yake ya kale ni ule waya mmoja ushukao kutoka kwenye mabati, kilipo kisahani, hadi sebuleni.